Mkimbiaji Aliyengoja Bastola

Asubuhi ile Solveig alipomwita Profesa Hagelin kwa jina lake la kwanza, uji ulimkwama mzee kooni. Solveig alikuwa binti wa chuo kikuu. Alikuwa amekuja kisiwani Kobbskär majira hayo ya joto kusoma konokono wa baharini, na alikuwa amekaa katika kituo cha utafiti wa bahari muda wa kutosha kuzoea kila mtu na kila kitu.

"Valfrid, hebu nisogezee maziwa," alisema, mkono umeshanyooka, macho hayajatoka gazetini. "Halafu wewe ndiye umemaliza jamu yote?"

Bengta, mpishi wa kituo, alibaki na mwiko hewani. Profesa Valfrid Hagelin, mtaalamu wa wanyama, mzee wa miaka sabini na minane ambaye hata kinyozi wake wa tangu zamani hakuwahi kumwita vingine ila Profesa, alisogeza maziwa. Kisha akasogeza na jamu, ile kidogo iliyobaki.

"Ndiyo mtindo mpya, Profesa," alinong'ona Bengta alipokuwa akimwondolea bakuli. "Wametangaza redioni. Bosi wa ofisi moja kubwa huko Stockholm kawaambia wafanyakazi wake wote wamwite jina. Sasa nchi nzima imepagawa. Juzi yule binti wa dukani kaniita Bengta! Mimi! Mimi niliyemfuta kamasi!"

"Na Bi mpishi alimjibu nini?"

"Nitamjibu nini? Nilinunua siagi yangu nikaondoka. Lakini niliondoka vibaya, alijua."

Watu mezani walidhani Profesa amekasirika. Hakukasirika hata kidogo. Kilichompata kilikuwa hofu, tena hofu ya kweli. Upande wa pili wa meza alikuwa amekaa Hildur Tollander, mchoraji wa kituo, akikoroga kahawa yake taratibu kana kwamba hajasikia kitu.

"Profesa atapenda kahawa kidogo?" aliuliza Hildur.

"Nitashukuru, kama Bi Tollander hatasumbuka."

"Bi Tollander hasumbuki."

Hivyo ndivyo wawili hao walivyozungumza kwa miaka arobaini. Profesa amelala vizuri? Bi Tollander ameona mvua ile? Mtu akisikia kwa mbali angedhani wanamsengenya mtu aliye chumba cha pili. Lakini ndiyo ilikuwa adabu ya Uswidi wakati ule, na watu wa umri wao walinyonya adabu hiyo pamoja na maziwa. Jina la mtu hulichukui tu mdomoni kama kipande cha mkate. Unapewa. Na kupewa kwake kulikuwa na sherehe yake: mnainua glasi, mnatazamana machoni, kila mmoja anataja jina lake, mnakunywa, mnatazamana tena. Kuanzia hapo vyeo vimewekwa pembeni, na havirudi mpaka kaburini.

Ugumu ulikuwa nani aanze. Mkubwa kwa umri ndiye humwanza mdogo. Mwenye cheo ndiye humwanza asiye na cheo. Lakini mwanamke ndiye humwanza mwanamume, na mwanamume anayemtangulia mwanamke anahesabiwa kuwa hakulelewa. Sasa Valfrid alikuwa mkubwa kwa miaka kumi na moja, na profesa, na Hildur alikuwa mwanamke. Sheria mbili zilisema aanze yeye, moja ikasema aanze Hildur, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, au pengine sivyo. Aliwahi kulifikiria jambo hilo majira mazima ya baridi bila kufika popote.

Alimpenda. Tuseme tu wazi, maana yeye hakuwahi kusema. Mambo ya ndoa alikuwa ameacha kuyawaza zamani, nywele zikiwa bado nyeusi. Alichobaki akikitaka kilikuwa kidogo, naye aliona hata hicho ni kikubwa: mara moja tu kabla hajafa, amsikie Hildur akimwita Valfrid, naye amwite Hildur. Na Hildur alikuwa akiondoka Jumapili. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kalamu haioni tena mstari wake, na mpwa wake wa kike huko Göteborg alikuwa ameshamwandalia chumba. Jumamosi ingekuwa karamu ya kula kamba, ile ya kila Agosti. Asubuhi yake, boti.

Na sasa huyu binti wa konokono anagawa majina bure mezani, pamoja na jamu!

Mtu asiyemjua Valfrid atauliza kwa nini mwanamume mzima ashindwe na jambo dogo namna hiyo. Jibu lake lilikuwa Stockholm, katika joto kali la mwaka 1912.

Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa elimu ya wanyama mwenye miguu mirefu kama korongo, na hapakuwa na mtu mkoani kwao aliyemshinda mbio fupi. Walimpeleka kwenye Olimpiki. Mama yake alimshonea kaptura mwenyewe. Baba yake, mchungaji wa kanisa asiyependa mbio wala jua, alisafiri kwa treni na kuketi uwanjani na kofia yake nyeusi. Siku zake zote Valfrid aliikumbuka harufu ya uwanja ule: lami ya moto, nyasi zilizokatwa, mafuta ya kuchulia misuli. Aliukumbuka na wepesi wa mwili wake mwenyewe, jinsi alivyokuwa akiamka asubuhi na miguu inadai njia. Uzeeni, akipanda ngazi za maabara akiwa ameshika ukuta, ilikuwa inamjia hamu ya miguu ile kama mtu anavyokumbuka ndugu aliyehamia Amerika.

Walichimba vishimo vyao vya kukanyagia nyuma ya mstari, wakainama. Valfrid akatoka kabla ya bastola ya kuanzisha mbio kulia. Wakarudishwa. Akatoka tena kabla ya bastola. Safari hii uwanja ukacheka, wale maelfu ya watu, na katikati ya kicheko aliiona kofia nyeusi ikiinama. Mara ya tatu alikuwa ameogopa kiasi kwamba bastola ilipolia kweli alibaki palepale, anasikiliza kama kweli imelia. Wenzake walikuwa wamefika mbali. Akawa wa mwisho.

Baba yake hakumgombeza. Alisema tu, wakiwa kwenye treni, "Mtu ajifunze kungoja, Valfrid." Naye akajifunza. Akajifunza vizuri kupita kiasi.

Kazini kungoja kulimfaa. Wanyama wake walikuwa viti vya pweza, wale wembamba wanaokaa chini kabisa ya mlangobahari, wenye mikono mitano kama kamba za viatu, ambao ukiwashika vibaya wanakuachia mkono wao mkononi na kujiendea zao. Kisha wanaotesha mwingine. Valfrid aliketi mbele ya matangi kuangalia mkono ukiota, wiki kwa wiki, wakati wenzake wenye haraka waliandika vitabu vinene kuhusu mambo waliyoyaona mara moja. Jina lake likajulikana hadi nchi za nje. Na kila mnyama aliyemweleza katika vitabu vyake, Hildur ndiye aliyemchora.

Kulikuwa na yule mmoja, mdogo, mwekundu, aliyetoka kwenye wavu wao siku moja ya upepo, ambaye hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kumwandika. Mgunduzi ndiye humpa mnyama jina. Valfrid alitaka kumpa jina la Hildur. Alikaa nalo, akaliandika, akalifuta. Vyeo walikuwa hawajaviweka pembeni, sasa atalichukuaje jina la mwanamke ambalo hakupewa, tena alichape kitabuni watu wa London na Berlin walisome? Basi akampa mnyama jina la Tollander, jina la ukoo. Hildur alipoletewa kitabu alikisoma, akasema, "Profesa amenipa heshima kubwa," akarudi kwenye kalamu zake. Siku hiyo alifunga kazi mapema.

Na kulikuwa na karamu ya mwaka 1931. Hiyo Valfrid alijaribu kutoikumbuka, na aliikumbuka kila Agosti.

Meza ilikuwa nje, kwenye jiwe pana lililo mbele ya kituo. Taa za karatasi zenye uso wa mwezi unaocheka zilining'inia kwenye nyuzi, watu wamevaa kofia zao za kuchekesha, mabakuli ya kamba wekundu yamejaa, mashada ya maua ya shibiti, kile kiungo chake, juu yake. Wameimba, wamekunywa, wameimba tena. Hildur, wakati huo ana miaka thelathini na nywele zimeponyoka kwenye pini, alikuwa amekaa mkabala naye. Akainua glasi yake. Akamtazama moja kwa moja machoni. Akasema, "Profesa..." na papo hapo taa mojawapo ikashika moto.

Valfrid aliruka. Alikimbilia kisimani kama zamani, akarudi na ndoo inamwagika, akakuta taa ni majivu, watu wanacheka, na glasi ya Hildur iko mezani, tupu. Miaka thelathini na saba alijiuliza kama Hildur alikuwa anataka kusema lile jambo, au alitaka tu kuomba apitishiwe mkate. Hakuuliza. Angeulizaje?

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya karamu, alimkuta chumba cha kuchorea akifunga wino na burashi ndani ya kisanduku. Alikuwa anavitambua kwa kupapasa.

"Bi Tollander atahitaji msaada?"

"Profesa ataviweka tofauti na nilivyoviweka miaka yote, halafu nitakuwa sivioni mara mbili."

Walicheka wote wawili. Ukutani ulikuwa umebaki mchoro mmoja, ule wa mnyama mwekundu. Valfrid aliusogelea, si kwa sababu alikuwa hajauona.

"Sikuwahi kuuliza," alisema. "Hapa mgongoni, Bi Tollander hakuchora kitu. Kila mahali kuna vidoti, vidoti, maelfu, halafu hapa karatasi tupu. Ila mtu akitazama, anaona panang'aa."

"Ndipo mwanga ulipompiga."

"Kwa hiyo ulikuwa ni wino mweupe?"

"Hapana wino mweupe, Profesa. Palipo muhimu kuliko pote sipagusi. Napazunguka tu." Alifunga kisanduku. "Wachoraji wabaya hujaza kila mahali. Wanaona huruma karatasi ikikaa bure."

Hapo palikuwa na nafasi. Valfrid aliiona kabisa ikifunguka, kama njia yake uwanjani. Alivuta pumzi. Hapakuwa na glasi. Hapakuwa na kinywaji. Yeye ndiye mwanamume. Akasema, "Inaelekea kesho hakutakuwa na mvua."

"Hata mimi naona hivyo," alisema Hildur, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Kweli mvua haikunyesha. Taa zilitundikwa, Bengta alileta kamba katika mabakuli makubwa, na Valfrid alivaa koti lake la kahawia, lile aliloshonesha kwa ajili ya hotuba ya kustaafu. Mfukoni hakuwa na kitu ila uamuzi. Alikuwa amekata shauri: leo, glasi ya tatu ikifika, Hildur asipoanza ataanza yeye, na anayetaka kusema hakulelewa na aseme. Alikaa mkabala naye, palepale pa mwaka ule. Alipiga moyo konde kwa glasi ya kwanza. Akapiga moyo konde kwa ya pili. Ya tatu ilipomiminwa, vidole vyake vilikuwa vimeshaishika.

Solveig akapanda juu ya benchi.

"Jamani! Sikilizeni!" Kofia yake ya karatasi ilikuwa imeangukia sikio. "Kuanzia leo Kobbskär hakuna Profesa, hakuna Bibi, hakuna Daktari! Sote ni watu na majina yetu! Mnaonaje?"

"Sawaaa!" waliitikia wanafunzi, na glasi zikapigana juu ya maganda ya kamba. Majina yakaanza kuruka mezani kama mpira. Hata Bengta, ambaye alikuwa ameonja sana ili kuhakikisha kinywaji ni kizuri, aliwabusu watu wawili na kujitambulisha kwa mtu aliyempikia majira yote ya joto.

Valfrid alibaki ameshika glasi yake. Ndiyo hivyo, aliwaza. Majina wameyagawa kwa watu wote, kama peremende za harusini. Hata hivyo akamtazama Hildur, maana moyo wa binadamu hauna aibu, naye akaomba kimoyomoyo kwamba hata namna hiyo si mbaya, hata ya bure ataipokea.

"Solveig, mwanangu, shuka kabla hujavunjika," alisema Hildur akicheka. "Bengta, karibu ukae. Lo, Bengta! Miaka yote hii, na ni jina zuri namna hiyo." Kisha akageuza uso upande wa Valfrid, na kicheko kikatulia. "Nadhani Profesa amechoka," alisema. "Profesa asikae kwenye baridi kwa ajili yetu."

Solveig akasema, "Hildur! Mwite Valfrid bwana, hang'ati!" Watu wakacheka. Hildur akarudi kwenye kamba wake.

Valfrid aliinuka, akainamisha kichwa kidogo kama ilivyo desturi, akaingia ndani. Alikuwa ameumia kuliko siku ile ya kicheko cha uwanjani. Wote amewaita majina. Wote, mpaka mpishi. Yeye peke yake ndiye aliyebaki Profesa, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba ambayo hata paka wameruhusiwa kuingia. Alilala na koti lake.

Asubuhi boti ilikuwa ya saa tatu. Valfrid alikuwa ameazimia kutoshuka bandarini. Angeaga kwa mkono dirishani, ingetosha. Alipitia chumba cha kuchorea ili asipite jikoni akakutana na Bengta na maswali yake. Meza ilikuwa imesafishwa, kiti kimesukumwa chini yake. Mchoro ulikuwa bado ukutani. Hildur alikuwa ameuacha.

Alisimama akautazama. Vidoti, vidoti, maelfu ya vidoti, kila mkono, kila mwiba, hakuna mahali palipoachwa. Ila pale. Palipo muhimu kuliko pote sipagusi. Napazunguka tu.

Jana Hildur alimwita Solveig Solveig. Alimwita Bengta Bengta. Alizunguka meza yote.

"Mjinga we," Profesa Hagelin alijiambia kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumsemesha hivyo.

Jikoni Bengta alikuwa ameegemea meza, ameshika kichwa. Valfrid alichukua glasi mbili ndogo kutoka kwenye rundo la vyombo vichafu, akazisuuza haraka haraka.

"Kuna kinywaji kimebaki?"

"Kinywaji!" Bengta alifumbua jicho moja. "Walimaliza. Na mimi nilisaidia. Profesa anataka kinywaji saa hizi? Kuna ile pombe ya kuhifadhia wanyama kule kabatini, lakini hiyo ukinywa tunakuweka chupani na wewe."

Honi ya boti ililia kutoka kwenye mlangobahari. Valfrid hakungoja kusikia zaidi. Alitoka na glasi mbili tupu, akateremka njia ya mawe inayokwenda bandarini, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kutembea upesi, kisha, Mungu amsamehe, mbio. Hazikuwa mbio za kutazamwa. Goti moja lilikuwa linakwenda upande wake na jingine upande wake. Lakini alifika.

Hildur alikuwa amesimama peke yake kwenye gati na kisanduku chake, kofia ya safari kichwani. Sanduku kubwa lilikuwa limeshapelekwa mbele. Boti ilikuwa ndiyo kwanza inazunguka jiwe la mwisho.

"Nani anahema hivyo?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Profesa amekimbia?"

Valfrid alipiga goti ukingoni mwa gati, akachota maji ya bahari kwa glasi ya kwanza, kisha ya pili. Akainuka kwa kushika nguzo. Moja akamtia Hildur mkononi, naye akaipapasa, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Ni bahari. Hapakubaki kitu kingine. Najua si sheria. Najua pia mimi ndiye mwanamume, na kwamba Bi Tollander ndiye angepaswa..."

"Sheria haisemi glasi iwe na nini," alisema Hildur. Maji yalimwagika kidogo kwenye glavu yake. "Lakini inasema tutazamane. Sogea. Hapo ulipo sikuoni."

Alisogea. Alisogea karibu kuliko alivyowahi kusimama naye, hadi akaona ukungu wenyewe ndani ya macho yake, na nyuma ya ukungu macho yaleyale ya mwaka wa taa.

"Mimi naitwa Valfrid," alisema.

"Na mimi naitwa Hildur."

Wakanywa. Ilikuwa chumvi tupu, na baridi, na wote wawili walikunja uso kama watoto waliopewa dawa. Kisha wakatazamana tena, kama inavyotakiwa.

"Umechelewa, Valfrid," alisema Hildur.

Valfrid alikuwa amelingoja jina hilo kinywani mwake maisha yake yote, na lilipokuja lilimpiga mahali pasipo na kinga. Machozi yalimtoka. Hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na glasi.

"Mwaka ule, taa ilipoungua," alisema, "ulikuwa unataka..."

"Nilikuwa nimeshasema. Nilisema, Profesa, mimi naitwa Hildur. Watu wote walisikia. Wewe ukakimbia."

"Nilikwenda kuleta ndoo!"

"Ndoo ya nini? Ilikuwa taa ya karatasi! Ilizimika yenyewe hata hujafika kisimani. Tulisimama pale tunakutazama unavyokwenda." Alianza kucheka, na kicheko kikamchanganyikia na kitu kingine. "Ulikimbia vizuri sana. Nilikuwa sijawahi kukuona ukikimbia. Nikainywa glasi yangu peke yangu, nikasema, haya, amejibu."

"Sikusikia, Hildur."

"Ndiyo. Sasa najua."

Boti iligonga gati. Nahodha alirusha kamba, akasalimia, akachukua kisanduku, akamshika Hildur mkono kumvusha. Hakuwa mtu wa kungoja, ratiba yake ilikuwa na visiwa vingine. Hildur alishika ukingo wa boti na kugeuka upande ambao alidhani Valfrid yupo, naye hakuwa upande huo.

"Mpwa wangu ana simu," alisema. "Usikae kungoja ilie kwako. Piga wewe."

"Nitapiga."

"Lini?"

"Leo jioni."

Injini ikaguruma. Maji yakafunguka kati ya boti na mbao za gati. "Valfrid!" aliita Hildur. "Bado upo?"

"Nipo!" Alianza kutembea kandokando ya gati, sambamba na boti, ili sauti yake isimpotee Hildur. "Nipo hapa, Hildur!"

"Bado upo?"

"Nipo!"

Gati likaisha, akapanda kwenye miamba, na glasi zake mbili zikigongana mkononi, akaendelea hadi mwamba wa mwisho nao ukaisha. Mara mbili zaidi alisikia jina lake likivuka maji, la pili hafifu. Aliitikia kwa nguvu zake zote. Kisha ukabaki mlio wa injini, na baadaye shakwe tu.

Alikuwa bado amesimama pale Solveig alipokuja, nywele hazijachanwa, ameshika kikombe cha kahawa kwa uangalifu kama mtu anayebeba yai.

"Valfrid," alisema taratibu, "nimekuletea kahawa. Uko sawa?"

Mzee alipokea kikombe. Alikunywa, na chumvi ilikuwa bado mdomoni.

"Asante, mwanangu," alisema. "Ila nakuomba kitu kimoja. Kesho niite unavyotaka. Leo niite Profesa."